Birika la Tano

Mvua ya usiku imeshuka Kadutu kwa ngazi za watu,
kwa mifereji, kwa nyufa za udongo, hadi ziwani,
na asubuhi nafungua mlango wa kulia wa Pejo
nakuta ziwa jingine, dogo,
kifuniko cha kalamu kinaelea.

Miaka ishirini na miwili limekuwa pale.
Baba alikuwa na jibu moja:
"Mama yenu anabamiza mlango. Raba imekufa."
Raba tuliibadilisha mara tatu.
Mama akajifunza kufunga mlango
kama mtu anayemfunika mgonjwa,
na kusafiri miguu juu ya bidoni ya njano,
kikapu cha sambaza mapajani,
kimya, mpaka Nyawera.

Baba alitutoka mwezi wa pili. Funguo zikabaki msumarini.

Mimi si fundi. Nafundisha hesabu Bagira.
Lakini Cishugi, wa garaji ya Essence,
alinitajia kitu huku anakula muhindi:
"Maji yanapolala sipo yalipoingilia."
Ushauri huo hakunitoza franga.

Basi nikang'oa zulia, na lile godoro la chini yake
lililolewa maji, linanuka mbwa asiye wetu.
Nikakausha bati kwa matambara na jua la saa nne,
nikanyunyiza unga wa muhogo kila mshono,
kila kona chini ya tabulo,
mpaka ndani pakawa kama kinuni.
Namwezi, binti yangu, akalala chali na tochi,
kichwa kule miguu inakokaa.
Mimi nje, na birika.

Chini kwanza. Ukianzia juu
kila tundu litasingizia tundu jingine.

Kizingiti: "Kavu!"
Mlango, ule mlango, raba nzima mzunguko:
"Kavu, papa."
Nikajaza tena. Mlango ule ule, polepole,
maji yakinirukia viatuni.
"Nimesema kavu."
Kioo cha mbele. Nilichokua majani ya mkaratusi
kwa kijiko cha chai, yameoza, meusi, nikamwaga.
Kavu.

Nikakaa juu ya jiwe.
Jiwe lenyewe ni lile tunaloweka chini ya gurudumu,
maana uwanja wetu ni mteremko
na gari hulala limeinama kulia, usiku wote,
miaka yote.

Nikahamia kushoto. Upande wa dereva.
Birika la tano, kwenye shina la antena.

"Inakuja! Papa, inakuja!"

Kwenye unga, mstari mmoja:
kutoka tundu la antena, kushuka na waya wa redio,
kupita nyuma ya usukani, nyuma ya saa iliyokwama,
kuvuka tabulo yote bila haraka
na kudondoka miguuni pa Mama.

Tundu alilitoboa Baba mwenyewe, kwa msumari na nyundo,
mwaka ule wa milio, asikose habari za saa kumi na mbili.
Raba yake aliikata kwenye ndala.
Imekauka. Inavunjika kama mkate wa juzi.

Nikapiga kutu msasa hadi bati likang'aa,
rangi, siku nzima ya kungoja,
raba mpya kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, mastiki.
Waya nikaupinda goti kabla haujaingia,
tone likija tena lianguke hapo, njiani.

Jioni nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua sambaza.
"Antena," akasema.
Samaki wanne, watano.
"Na redio yenyewe ilikuwa inakoroma tu."

Jumamosi mvua ilitukuta barabarani, ya kweli,
ya kufuta vilima.
Niliinama kwenye msongamano, nikapapasa sakafu: vumbi la unga.
Mama kando yangu, kikapu mapajani,
miguu juu ya bidoni.
Sikusema kitu.
Karibu na Nyawera alishusha mmoja,
wa kushoto,
akaujaribu.