Jiwe la Nkwimba

Tulipanda Igogo watu wanne na mkanda wa kupimia:
mimi, Luhende wa hesabu, Adventina,
na Bahitwa, kijana wa mazoezi kutoka Ukerewe,
ambaye bado mlima aliuita saiti.
Ilitakiwa zahanati. Ramani ilikuwa nusu tayari,
mistatili mitatu imelala kifudifudi juu ya mwamba
kana kwamba mwamba haupo.

Adventina akasema, leo hatuchori jengo.
Akafungua mfuko, akatoa makaa ya jikoni
na karatasi zile za kufungia sukari dukani,
akatugawia kama anayegawa mihogo.
Tandazeni juu ya jiwe, msugue.
Tulisikie kabla hatujalisemea.

Miaka mitano nimesomea majengo.
Najua uzito wa zege, najua pembe ya jua la Desemba.
Kiwanja sikuwahi kukipigia magoti.

Nikasugua. Vikatokea kwanza vinyweleo, kisha mishipa,
kisha ufa mwembamba, umepinda
kama ukucha wa kichanga,
na katikati doa ambalo makaa yaligoma kulishika,
laini, lina mafuta.

"Hapo naanikia dagaa,"
akasema mwanamke mlangoni, kanga kiunoni.
Nkwimba. "Mwaka wa kumi na tisa huu.
Jiwe limeshiba."

Akaja, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.
"Umelichora. Ila umelichora la asubuhi.
Saa tisa halikaliki hili.
Usiku umeme ukikatika wanangu hulilalia,
bado lina joto la kuazima.
Hilo joto umeliweka wapi?"

Sikuwa na penseli ya joto.

Bahitwa hakusugua chochote.
Alifumba macho, akawa anachora anachosikia:
nukta nzito kwa nyundo za akina mama
wanaoponda kokoto kule juu,
mstari mrefu kwa honi ya meli,
mikwaruzo kwa pimbi wanaogombana nyufani.
Karatasi yake ikafanana na mvua.
Nkwimba akaigeuza juu chini.
"Hii ndiyo Igogo," akasema,
"ila umemsahau mbwa wa Maduhu."

Luhende alicheka hadi akakohoa.
Yeye alipanda na bei ya kulivunja:
matairi mawili ya kuchoma, maji baridi, siku tatu,
na kokoto tripu saba, faida juu.
Jua lilipoanza kushuka akaomba karatasi.
Akasugua kando, kwa aibu, kama mtu anayejikuna.
Hakutuonyesha.

Kabla hatujashuka Nkwimba akachukua fimbo,
akaiburuta kutoka chooni kwa jirani
hadi kwenye mtaro unaoelekea ziwani, kwenye magugumaji.
"Masika yanapita hapa. Hayapitii pengine.
Mwaka ule yalibeba jiko langu likiwa na moto."
Tukapima nyayo zake.
Mstari ule uliopinda ndio korido sasa.

Ofisini tulizibandika ukutani.
Zilinuka; paka wa mlinzi akahamia kwetu.
Mistatili ikafutwa, ikarudi imejikunja,
chumba cha kusubiria kimelizunguka jiwe,
wajawazito watalikalia asubuhi, lingali na baridi.
Mkaguzi akaja na kalamu nyekundu.
"Hapa katikati mbona patupu?"
Adventina akamwonyesha ukuta. Akautazama kwa muda,
akauliza kama kuna chai.

Kwenye jedwali la gharama,
mbele ya "kuvunja mwamba," Luhende ameweka kistari tu,
na pembeni alama ya kidole gumba,
nyeusi.

Lakini Nkwimba bado anauliza,
kila tukipanda anauliza,
dagaa wake atawaanika wapi.
Adventina anasema, juu ya paa, tutakuwekea ngazi.
"Paa la nini?"
La bati.
Nkwimba anapepeta, hatutazami.
"Bati halishibi," anasema.
Nami nimeshika ramani, sina pa kuliandika hilo.