Namba ya Kreni

Kertu ananizidi kwa kila kitu isipokuwa umri.
Ana miaka ishirini na sita, kucha nyeusi za wino,
na mtambo wa chapa uliozaliwa Leipzig kabla ya bibi yake.
Jumatatu ya kwanza alinitia patasi mkononi:
"Usisukume kwa bega, Leida. Sukuma kwa kiganja."
Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Mimi ni ng'onda.
Nimefika hapa na miaka sitini na minane,
theluji viatuni, goti moja la chuma.

Ubao ni mmoja, rangi ni nne.
Unachonga kidogo, unapiga njano.
Unachonga tena ubao uleule, unapiga buluu juu ya njano,
na ulichokichonga hakirudi.
Picha ikikamilika, ubao umekwisha:
karatasi ishirini kwenye kamba,
na mezani kipande cha plaiwudi
kilichopukuchuliwa kama gunzi.

Nilichagua bandari ya Kopli,
kama nilivyoitazama miaka thelathini na mmoja
kutoka kibanda cha kreni, chupa ya chai kati ya miguu,
na Ülo kule chini, mdogo kama msumari,
akinipungia mikono miwili: shusha, shusha, basi.

Ubao ulikuwa mfupi.
Jicho langu halikuona; kidole cha Kertu kiliona.
Aliusimamisha kando ya herufi za risasi,
akapachika karatasi chini yake, moja, na ya pili,
kisha ile nyembamba ya kusokotea sigara.
"Sasa uko sawa na herufi."
Nikacheka peke yangu.
Nimewahi kutua makontena sitahani
kwa nafasi ya kiganja, nikajisifu wiki nzima.
Hapa unywele ni ajali.

Njano ilitoka hafifu, kama chai ya mgonjwa.
"Subiri," alisema. Nikasubiri siku tatu, wino ukauke.

Ikaja buluu, nayo ilipoilalia njano
bahari ikawa kijani.
Sikukichanganya mimi kijani kile,
hakikuwa kwenye kopo lolote.
Ndiyo rangi yenyewe ya maji ya Machi
barafu inapoachia ukingo wa gati.
Nilikaa kwenye ndoo. Kertu alidhani ni goti.

Nyekundu niliipiga mwenyewe, mkono wa mtambo mkononi mwangu,
rola zikinong'ona zaf, zaf, zaf.
Karatasi ya kumi na nne ilihama.
Kidogo tu: bomba la moshi likatoka nje ya mstari wake,
likasimama pembeni ya nafsi yake.
Kertu aliitenga kwenye rundo la taka.
Nikaichukua alipogeuka.
Siku za upepo, kule juu, kila kitu kilikuwa hivyo hivyo.

Nyeusi ndiyo ya mwisho: nyaya, fremu ya dirisha,
na namba ya kreni yangu, 27,
niliyoichonga usiku, jikoni, kwa raha zangu, bila kuuliza.
Tulifunua karatasi ya kwanza.
Kertu akashika kichwa.
"Leida! Kila kitu hugeuka! Nilikwambia siku ya kwanza!"
Saba inatazama kule isikopaswa, mbili imeangalia nyuma,
na ubao haushoni kidonda.
Karatasi ishirini. Wiki sita.
Alikuwa karibu kulia, kwa ajili yangu.

Mimi nilikuwa nimeinama, miwani mkononi.
Namba ile waliipaka kwa nje, juu ya kioo,
wasome walio gatini.
Mimi nilikuwa ndani.
Miaka thelathini na mmoja niliisoma hivi hivi, kinyume,
mpaka siku hizi naiota hivi.

Nilitaka kumweleza.
Lakini alikuwa tayari anamimina mafuta ya taa kwenye rola,
akiniambia tambara liko wapi,
na kwamba nisisahau, safari hii, kusugua na ncha.