Mhesabu Maharage

Mjini Leigh bahili hakosi jina.
Mfinya peni. Mkwangua jibini.
Mchuna gumegume, ati akiliokota jiwe
atalichuna ngozi akaiuze.
Mtu wa mfuko mrefu na mkono mfupi.
Ila yule wa ofisini, wa kalamu nyekundu,
huitwa mhesabu maharage,
na nchi nzima husema hivyo kwa mfano tu.

Sisi tulikuwa naye kwelikweli.

Norris Entwistle, suti ya kahawia, viraka viwikoni,
alishuka ngazi ya chuma Jumatatu moja ya Februari,
akatwaa kopo mkandani, akalifungua,
akamwaga kwenye trei, akaosha sosi,
akaanza: moja, mbili, tatu.
Mashine zinanguruma. Sisi wanawake wa zamu ya alfajiri,
nyavu vichwani, tumebana mbavu.
Mia nne na kumi na mbili.
Akafungua la pili.

Jumatano likabandikwa tangazo:
kila kopo lipungue maharage sita.
Ijumaa chooni ikabaki balbu moja.
Kufika Pasaka sukari ya chai ni kijiko kimoja,
na kijiko chenyewe kimefungwa mnyororo.
Mkono wa birika, akasema Hilda Rigby,
na birika lenyewe halina chai.

Siku moja tukamtilia harage mfukoni mwa koti.
Moja tu.
Akalitoa, akalitazama pande zote,
akaenda kulitupa kwenye pipa la mabaki
akaandika.

Novemba akaniita juu.
Nikapanda nikijua leo ni mimi,
nimehesabiwa nimezidi.
Hita imezimwa. Kavaa glavu zisizo na ncha za vidole.
Akanigeuzia daftari.

“Bi Unsworth, saa ya lango la kutokea
iko nyuma ya saa ya lango la kuingilia.
Dakika nne.
Miaka kumi na moja, siku mia mbili thelathini na tano kwa mwaka.
Ni saa mia moja sabini na mbili na dakika ishirini.”

Nikauliza, koo limekauka: nadaiwa?

“Unadai.”

Akafuta miwani kwa tai.
“Nimewaeleza wakubwa. Wamecheka,
wamesema ni peni tu.
Nimewaambia hakuna peni tu.”

Sikujua niitazame wapi sura yangu.
Dirishani, chini, Hilda alikuwa anamwiga mwendo,
mabega juu, anahesabu hewa kwa kidole,
na wenzangu wanaangua kicheko
bila kujua kwamba majina yao yote
yalikuwa kwenye ukurasa ule, kwa wino mwekundu,
kila mmoja na dakika zake.

Wiki ya Krismasi fedha ikaja.
Noti, shaba, hadi nusu peni ya mwisho.
Nilihesabu mara mbili palepale mezani kwake,
naye akingoja, mkono umenyooka,
nikadhani anataka kunipa pongezi.

Alikuwa anataka bahasha.