Mlango wa Kinu

Tulipoutoa mchezo wetu, Januari, mjini Katowice,
theluji ilikuwa imeshageuka tope la makaa
na Zbyszko wa mahesabu akaja mezani kwangu, chai mkononi:
"Bogna, yule mtoza ushuru wako ametuponza."

Mtoza ushuru wangu.
Nilimwandika miezi kumi na minne:
Miron, mlinzi wa daraja, mkono wa kushoto mzito,
mwanamume anayehesabu sarafu mara mbili
kwa kuwa mara ya kwanza anamtazama anayelipa.
Unamfikia usiku, wewe Ostap mwashi, umelowa chapachapa,
na skrini inakupa maneno matatu uchague:
*Chukua ushuru wako.*
*Njia ya bondeni ni ipi?*
*Mkate huo bado una moto?*
Ukibonyeza la tatu, anakusogelea nafasi kwenye benchi.
Hakuna zaidi, usiku wa kwanza. Anasogea tu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hiki kimoja kilivunja usingizi wa watu.

Barua zikatunyeshea.
Wa kwanza alidai arudishiwe fedha zake, na za shemeji yake.
Mwingine: mimi sina neno nao, ila mbona humu?
Humu, mna joka linalotafuna minara.
Joka alilimeza bila maji.
Mmoja aliandika neno moja tu. Silirudii.
Na mmoja, kutoka Oulu, alikasirika kwa upande wa pili:
"Miron asife. Nimeshawazika kumi na mmoja wa aina yake
katika michezo kumi na mmoja. Nimechoka kukaa matanga."
Nikamjibu: endelea kucheza.

Mama wa Zabrze, mjane wa mchimba makaa,
huwa anacheza usiku, magoti yakimnyima kulala:
"Mwanangu alitaka kuniambia kitu mwaka ule wa mafuriko
nikamtuma akalete viazi"
Basi. Hakuweka hata nukta.

Lakini anayenikaa moyoni ni Radomir.
Barua ndefu, herufi kubwa toka juu hadi chini:
tumewauza watoto, tumetia sumu kisimani,
yeye ni baba, ni fundi bomba, hana muda wa upuuzi.
Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo:
*kuna kasoro. mlango wa kinu cha maji haufunguki*
*mtu akitokea kaskazini usiku. rekebisheni.*
Akaambatisha faili lake la mchezo. Saa sitini na tatu.

Nililifungua nione mlango.
Ostap wake kasimama mbele ya kinu, theluji mabegani,
uhai umebaki robo.
Mkobani: misumari, kitunguu, mkate mmoja.
Mkate ule hauuzwi popote. Hupewi
mpaka usiku wa saba wa kukaa kwenye lile benchi.
Ungemrudishia nguvu zote. Hakuula.
Na nyuma ya mlango wa kinu hakuna hazina,
hakuna adui wala upanga,
ni njia ya mkato tu, ya kurudi darajani.

Zbyszko akauliza: huyu wa matusi tumjibu nini?
Nikamwambia, mwambie Alhamisi.

Ilikuwa bawaba. Tarakimu moja, kosa langu mwenyewe.
Nikaitengeneza, nikamwandikia mstari mmoja
kama ningemwandikia mteja yeyote:
mlango sasa unafunguka, pande zote, saa zote.

Hakujibu.

Kabla ya kuzima taa niliujaribu, kwa faili lake, mara mbili,
kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa nautazama mkate.