Vitufe Kumi na Viwili

Nilikinunua kwa kijana wa chuo, Ng'ong'ona,
aliyekuwa akihama na kuuza kila kitu isipokuwa godoro.
Akanionya: Dada, hiki ni kipanya cha magemu, si cha ofisi.
Nikakishika. Kiganja kikanyamaza.
Miaka sita kilikuwa kikinung'unikia kile cha zamani,
bapa kama kipande cha sabuni ya kugawana,
kilichonipeleka hospitali, mkono bendeji tupu,
na kila mtu ananiuliza bodaboda gani iliniangusha.

Hiki kina nundu.
Kina pahala pa kidole cha pete kujilaza.
Na ubavuni, gumba linapokaa,
vitufe kumi na viwili, vitatu vitatu,
kama punje za hindi changa.
Wiki ya kwanza nilibofya ovyo:
nataka kuchora mstari, nafuta mtaa.
Ilazo ilipotea mara mbili kabla ya chai ya saa nne.

Mimi huchora viwanja.
Moja ni mpaka. Mbili, barabara. Tatu, kigingi.
Nne, rudisha ulichoharibu:
hicho ndicho kilichofutika namba kwanza.

Mchana kinapima Nala, Mahomanyika, Mtumba.
Usiku Ndahani, mwanangu, hukichukua bila kuomba;
kigingi kinakuwa mkuki, barabara inakuwa mbio,
na kile cha nne hakirudishi kitu.
Kwenye gemu lake aliyekufa amekufa.

Boksi liliandika: mibofyo milioni hamsini.
Nani alihesabu?
Alikaa kwenye kiti gani, alinyanyuka saa ngapi kujinyoosha,
na alihesabia katika vumbi lipi?
Maana la kwetu, mwezi wa nane, halibishi hodi.
Limo kwenye unga, kwenye kope,
ndani ya bahasha uliyoifunga kwa gundi jana.

Mwaka wa tatu kikaanza kigugumizi.
Nabofya moja, kinasema mbili,
na kati ya mlio na mlio mkono umeshatetereka.
Kule Kikombo kigingi kimoja kikawa viwili.
Kwenye kioo, unywele.
Ardhini, hatua ya mtu mzima,
na hatua moja, Dodoma ya leo, ni kesi.
Wakaja wawili ofisini, Bi Chiloleti na jirani yake,
kila mmoja na karatasi yangu,
kila mmoja na muhuri,
na wote walikuwa sahihi.
Sikuwaambia kuhusu kipanya.
Ungemwambiaje mtu aliyeuza ng'ombe wanne
kwamba ukuta wake umepinda kwa sababu ya kitufe?

Chidumizi, fundi wa Majengo, alikifungua kwa bisibisi ya miwani.
Kwanza akapuliza. Likatoka vumbi jekundu,
akacheka: Mama, humu una kiwanja chako.
Kisha akaninyooshea kidude kidogo kuliko punje ya mtama.
Mwili mzima, akasema, ulimi ndio umechoka.
Akang'oa ulimi wa kipanya kingine, marehemu,
akauunga kwa risasi, moshi ukapanda, elfu nane.

Njiani nilikibeba kwenye pochi, hakijafungwa kwenye chochote,
nikawa nakipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo.
Ubavu umeng'aa nilipoulalia.
Nikakumbuka jiwe la mama la kusagia uwele, Mvumi,
lenye bonde lililochimbwa na mikono miwili tu,
yake na ya mama yake,
na ambalo mimi, nikisaga, liliniumiza kifundo,
kwa kuwa halikunijua.

Vigingi vya Kikombo nimevirekebisha.
Nilikwenda mwenyewe na futi, juani.
Bi Chiloleti hakunikaribisha maji.

Ndahani hakipendi tena. Anasema mlio si ule,
mkuki unachelewa.
Labda. Mimi sichezi.
Nafunga mlango wa ofisi ili nisikie vizuri,
naweka gumba kwenye tatu, kidole cha shahada juu,
nabofya, nasikiliza:
moja.
Nangoja kidogo.
Moja.