Madebe Mawili ya Uwele

Karani wa ardhi amenipa karatasi yenye mistari saba.
"Andika ukoo, mama, kuanzia aliyelima hapa kwanza."
Barabara mpya inapita Igombola,
na fidia haimjui mtu asiye na karatasi.

Mimi nafundisha hesabu.
Mistari saba haimtoshi mtu mwenye wake wanne,
lakini naanza.

Mtemi Ndahani.
Mzungu mmoja wa misafara alimwandika mara moja tu,
nusu ukurasa, wino umevuja:
mnene, mlevi, anadai hongo ya doti arobaini
kwa visima viwili vya matope.
Hakuandika visima vilichimbwa na nani,
wala kwamba msafara wake ulikuwa na vinywa mia sita
na ng'ombe wetu wakakaa siku tatu wakilamba mawe.
Doti moja ni mikono minane. Gawanya.
Swali hilo niliwapa kidato cha pili:
nusu mkono wa kaniki kwa kila kinywa, na ushei.
Kijana wa nyuma akasema, "Mwalimu, huyo mzee alipunjwa."

Mara ya pili yumo kwenye jalada la boma la Wajerumani:
faini ya ng'ombe sabini, kuchelewesha wapagazi.
Chini yake ametia msalaba,
naye hakubatizwa.

Akafa. Tembe likabaki na milango minne.
Mazoya, wa mke mkubwa, akarithi kigoda na mawe ya mvua,
kisha akaenda misheni akaitwa Yeremia,
na mawe akayaficha chini ya kitanda, ikiwa tu.
Chisumo akarithi ng'ombe.
Wa tatu akarithi ugomvi na Chisumo.
Hawa wote wana vitabu: cha ubatizo, cha kodi, cha kesi.
Wajukuu wao wamekuja leo na nakala zenye mihuri,
wamekaa benchi la mbele, wananiamkia vizuri.

Mke wa nne, Wendo, hayumo popote.
Mwanawe Lugona alibebeshwa mizigo ya vita akaishia huko,
hata mzigo wenyewe haukurudi.
Aliacha mtoto wa kike, Sechelela, miaka tisa.

Ikaja njaa ya Mtunya.
Watu walichemsha ngozi walizokuwa wakilalia.
Yeremia akamshika mkono Sechelela
akamfikisha kwa Warangi, Kondoa,
akarudi na madebe mawili ya uwele.
Rehani, alisema. Si kuuza. Mvua ikinyesha tutamkomboa.
Mvua ilinyesha.
Ilinyesha tena.

Alirudi mwenyewe, mwanamke mzima, mtoto mgongoni,
debe moja kichwani, la pili juu ya punda wa kuazima,
akayatua mlangoni kwa baba yake mkubwa
na kusema kwa Kigogo kilichoshika kutu:
"Hesabuni, yasije yakapungua."
Kisha akaomba maji.

Huyo ndiye bibi yangu.
Sikumsikia akimlaani mtu,
ila uwele hakuula mpaka anakufa.

"Kithibitisho?" anauliza karani, si kwa ubaya.
Sina muhuri.
Nina namba moja. Siku ile anachukuliwa
alihesabu hatua, toka mlango wa Wendo hadi kisimani,
maana huko mbele, aliniambia, alijua hatajua kuhesabu njia:
mia moja na kumi na mbili.

Basi jioni nimekwenda Igombola peke yangu.
Kisima kimefukiwa, lakini bonde lake linaonekana,
nyasi zake zina kijani cha ukaidi.
Nimesimama hapo, nikageuka, nikahesabu.
Kwenye mia na kumi na mbili nilikuwa nimepitiliza,
katikati ya mtama wa watu.

Nikarudi kisimani.
Nikavua viatu.
Nikafupisha mguu, nikaufupisha tena,
mpaka ukawa wa mtoto wa miaka tisa
anayevutwa mkono na mtu mzima mwenye haraka.

Moja.
Mbili.