Meza Mbili

Mwalimu Oyunbileg alituambia tulete vitu vya nyumbani,
chochote kinachoenea kwenye kopo la jemu.
Asubuhi hiyo Erdenet ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Basi lilikataa kuwaka. Tulikuja kwa miguu,
kemia yetu tumeifumbata makwapani.

Meza mbili mbele ya darasa.
Ya kulia ameiandika kwa chaki: SAFI.
Ya kushoto: MCHANGANYIKO.

"Msiniletee safi ya sabuni," alisema.
"Hiyo mama zenu wanaijua kunishinda.
Safi yangu mimi ni kitu kimoja tu,
ukikate, ukisage, ukichungulie
hadi chembe ambayo jicho limeshaikatia tamaa,
bado ni kilekile,
hakina mgeni ndani."

Tsermaa aliweka kulia maziwa ya shangazi yake,
meupe, yamegandia njiani yakawa jiwe.
Mwalimu akayasogeza kushoto, hakusema neno,
akatuachia mafuta yaseme yalipoanza kuyeyuka.
Chai ya chumvi, kushoto.
Kifungo cha koti la babu yake Dulguun, cha jeshini,
king'aavyo utadhani dhahabu, kushoto:
"Ni shaba na zinki. Zimeyeyushwa pamoja, zikakubaliana.
Lakini kukubaliana si kuwa kitu kimoja."

Munkhjin alileta theluji kwenye bakuli,
akaiweka kulia, nani angebisha?
Ilipokuwa maji, tuliona chini
masizi ya makaa ya mtaa wake mzima.
Aliihamisha mwenyewe.

Sukari ndiyo iliyozua ugomvi.
Ilikwenda kulia, tukapiga kelele:
kaboni, haidrojeni, oksijeni, si watatu hao?
"Hawa hawakuchanganyika. Hawa wamefungana.
Mchanganyiko utauchuja, utauchemsha, utaupepeta.
Hawa ni zaidi ya chanda na pete,
huwatengi bila kuvunja kitu.
Na hesabu yao haibadiliki,
punje hii, punje ile, hapa na kokote."

Batzorig, aliyesahau kazi kama kawaida yake,
alifumbua kiganja kitupu: "Nimeleta hewa."
Hata mwalimu alicheka.
Kushoto.

Kisha zamu yangu.
Nilikuwa nimechukua pete ya mama bila kumwomba.
Niliiweka kulia, peke yake, mbali na sukari.
Mwalimu aliigeuza dirishani,
akasoma namba tatu ndogo upande wa ndani,
akanyamaza kidogo kuliko nilivyopenda.
"Mia tano themanini na tano," alisema taratibu,
"katika kila elfu."
Hakuisogeza. Alinirudishia mkononi,
akafunika vidole vyangu juu yake,
nami nikajua ni meza ipi.

Jioni nilikiri, mama akikata unga wa tambi.
Nilitarajia kofi.
Alicheka hadi kisu kikasimama.
"Dhahabu tupu ni laini, mwanangu.
Ingepinda mwaka wa kwanza,
nikikanda, nikifua, nikibeba ndoo.
Kilichoiweka kidoleni mwangu ni hiyo shaba."
Akaivaa ikiwa na unga.

Baba alirudi saa mbili usiku.
Miaka kumi na tisa kiwandani, kwenye mapipa ya povu,
ambako mwamba uliosagwa hupigwa upepo ndani ya maji,
chembe za shaba hudandia mapovu zikapanda,
mawe matupu yakazama.
Sikuwahi kumuuliza anafanya nini huko.
Usiku ule nilimuuliza.
Alifikiri huku anavua buti.
"Natenganisha," alisema. "Haiishi."

Alinawa hadi viwikoni, akaenda kula.
Mimi nilibaki nimechuchumaa kando ya beseni,
nikitazama kijivu kikishuka polepole,
kikilala chini kama kilichochoka,
na juu yake maji,
karibu safi.